Taka za Mionzi Baharini na Haki ya Waishio Chini ya Mto

Taka za mionzi ni mabaki ya shughuli za nyuklia yanayoendelea kutoa mionzi hata baada ya kazi yake kwisha. Mionzi hiyo haionekani wala hainuki, na moto hauiangamizi. Hupungua kwa wakati tu. Sesiamu 137, kwa mfano, huhitaji miaka 30 hivi ili ipungue kufikia nusu yake.

Kwa miongo mitatu hivi, Umoja wa Kisovyeti ulitupa maelfu ya makasha ya taka hizo katika eneo la Aktiki, yaani katika Bahari ya Kara na ghuba za Novaya Zemlya, pamoja na vinu vya nyuklia vilivyong'olewa melini. Mwaka 1982 nyambizi nzima, K-27, ilizamishwa huko katika kina cha mita 30 hivi. Ukweli huo ulitangazwa rasmi mwaka 1993 na tume iliyoongozwa na mwanasayansi Aleksei Yablokov. Mwaka huohuo nchi za Mkataba wa London wa 1972 ziliamua kupiga marufuku utupaji wa taka zote za mionzi baharini. Vipimo vimeonyesha kwamba uchafuzi mwingi ungali karibu na makasha yenyewe. Hata hivyo, chuma huliwa na kutu, na watakaobeba mzigo huo ni wale ambao hawakuulizwa.

Sisi wa Mkoa wa Pwani, wenye makao yake makuu Kibaha, tunalo la kujifunza. Maji ya Ruvu yanayosafishwa Mlandizi hunywewa Dar es Salaam na Kisarawe. Hivyo twajua kwamba wa juu ya mto hushika uhai wa wa chini. Huko Namtumbo, Ruvuma, kuna madini ya urani karibu na Mto Mkuju. Maji ya Mkuju huingia Luwegu, kisha Rufiji, na kufika baharini katika delta iliyo mkoani mwetu. Mchanga unaobaki baada ya kuchenjua urani huwa na radiamu, ambayo nusu yake hudumu miaka 1,600 hivi. Hatusemi kwamba mto huo umechafuka. Twasema kwamba ulinzi hutangulia madhara.

Kitabu cha Mwanzo (2:15) chamkabidhi mwanadamu bustani awe mtunzaji wake. Papa Fransisko, katika Laudato Si' (2015), alifundisha kwamba maji salama ni haki ya msingi ya binadamu na kwamba twawiwa haki na vizazi vijavyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari, na wananchi wasikilizwe. Udhibiti wa mionzi umekabidhiwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Basi, ndugu waamini, tuhudhurie mikutano ya hadhara na kuuliza kwa heshima: mabaki yatahifadhiwa wapi, nani atapima maji, na nani atayalinda mgodi utakapofungwa? Kuuliza hivyo si kupinga maendeleo. Ni kumpenda jirani ambaye bado hajazaliwa.