Iskandaria na Wageni Wake

Ibn Jubayr alipotia nanga Iskandaria mwaka 1183, akitoka Andalusia kwenda Hija, waliomlaki kwanza ni watu wa forodha. Walipanda chomboni, wakaandika majina ya Waislamu mmoja mmoja, wakawapekua mpaka viunoni, kisha wakawaapisha kwamba hawakuficha kitu. Aliyasimulia hayo kwa uchungu, ila lawama hakumtupia Sultani Salahuddin: laiti angejua, asema, angeyakomesha. Baada ya hapo kalamu ikalainika. Akasifu madrasa zenye malazi ya wageni, hospitali waliyowekewa, na mikate waliyogawiwa wasafiri wa Maghribi kila siku. Kwenye mnara mkubwa wa taa alipima ubavu mmoja akapata zaidi ya pima 50, akapanda juu, akasali katika msikiti uliokuwa kileleni.

Msafiri mwingine, Ibn Battuta, alifika mwaka 1326, akakuta upande mmoja wa mnara umebomoka. Naye alipima: shibiri 140 kila ubavu. (Hesabu za mabwana hawa wawili hazipatani hata kidogo, na hakuna aliyeona haya.) Aliporudi mwaka 1349 magofu yalikuwa yameziba hata njia ya kuingilia. Alilitaja hilo kwa maneno machache tu. Nafasi kubwa aliwaachia watu, kama Burhanuddin al-Aaraj, sheikh aliyemtabiria safari za India na China. Kilwa, mwaka 1331, alifanya vivyo hivyo: kilichomkaa moyoni ni ukarimu wa Sultani wa huko kwa mafakiri na masharifu.

Katika mapokeo haya, mji unapimwa kwa jinsi unavyompokea mgeni. Kuta zikianguka, msafiri husikitika kidogo, kisha huuliza nani anafundisha hapa na nani anatoa chakula.

E. M. Forster alikuja na swali jingine. Mwingereza huyu alifika mwaka 1915, wakati wa vita, akafanya kazi ya Msalaba Mwekundu ya kuulizia askari waliopotea kwa wenzao waliolazwa hospitalini. Mwaka 1922 kikatoka kitabu chake cha historia na mwongozo wa mji. Ni kazi ya ustadi: ukurasa wa mtaa unakurejesha kwenye ukurasa wa historia. Lakini anavyovitafuta kwa hamu havipo: Maktaba ya kale, kaburi la Iskanda Mkuu, mnara wenyewe. Karne nyingi za Waarabu, zilizowapa wasafiri mikate na mahali pa kulala, anazivuka kwa kurasa chache. Lawrence Durrell, katika riwaya zake nne za 1957 hadi 1960, alilikuza zaidi pengo hilo. Wamisri wengi wa kawaida mle wanapita nyuma ya pazia, wakibeba trei.

Sitaki kumtia Cavafy katika kundi hilo, ingawa Forster ndiye aliyemtangaza kwa wasomaji wa Kiingereza. Mshairi huyu Mgiriki alizaliwa Iskandaria mwaka 1863 na akafia humo mwaka 1933, baada ya kuwa karani wa idara ya umwagiliaji kwa takriban miaka 30. Wafalme wa kale katika mashairi yake ni kama majirani, wenye aibu na hila za majirani. Kwake mji haukuwa umekufa, maana yeye mwenyewe alikuwa akiamka humo na kwenda kazini.

Jibu kali zaidi kwa Forster na Durrell, nadhani, lilitoka kwa Naguib Mahfouz, mtu wa Cairo, katika riwaya yake ya Iskandaria, *Miramar*, ya mwaka 1967. Wapangaji wa nyumba ya wageni ya Bi Mariana, Mgiriki mwenye kuzikumbuka enzi zake, wanasimulia kwa zamu. Kila mmoja ana jambo lake lililompita. Katikati yao yupo Zohra, msichana aliyetoroka kijijini asiozwe mzee. Anafagia, anajifunza kusoma, anakataa kudharauliwa. Hapewi sura ya kusimulia, na bado wasimulizi wote wanamzunguka.

Mgeni wa leo ataelekezwa kwenye ngome ya Qaitbay, iliyojengwa karne ya 15 pale pale uliposimama mnara; katika miaka ya 1990 wapiga mbizi waliyachunguza mawe makubwa yaliyolala baharini kando yake. Kitabu cha Forster kitamsaidia kuyaelewa mawe hayo. Akitaka kuujua mji, heri aanze na Ibn Jubayr, forodha ikiwemo.