Mkunjo wa Tabasamu na Historia ya Kujazwa Kwake

Miongoni mwa alama ambazo umri huandika juu ya uso wa mwanadamu, iko moja ambayo haikuandikwa na umri peke yake. Ni ule mkunjo uanzao kando ya pua na kushuka hadi pembe ya mdomo, mmoja kuume na mmoja kushoto. Kijana acheka, nao huonekana. Kicheko kikiisha, nao huondoka. Mtu mzima hubaki nao hata akiwa amenyamaza. Kwa hiyo mkunjo huu una wazazi wawili, furaha na wakati, na jicho la mtazamaji haliwezi kusema ni kiasi gani umerithi kwa huyu na kiasi gani kwa yule.

Matabibu huufahamu kwa sababu nyingine pia. Mtu akipooza upande mmoja wa uso, moja katika dalili wanazozitafuta ni kufifia kwa mkunjo huo upande ulioshikwa na ugonjwa. Shavu lisilo na mstari wo wote, basi, si lazima liwe shavu zuri. Yamkini ni shavu lililoacha kutii amri ya kucheka. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila asomaye historia ya kujaza mikunjo, maana katika muda wa zaidi ya miaka 100 lilisahauliwa mara nyingi, na waliolisahau waliwalipisha wengine gharama ya usahaulifu wao.

Historia yenyewe haikuanza kwa urembo. Mwaka 1893 mpasuaji wa Kijerumani aitwaye Neuber alieleza jinsi alivyotwaa vipande vya mafuta kutoka mkono wa mgonjwa na kuvitia chini ya makovu yaliyobonyea usoni mwake. Alitambua kwamba vipande vidogo, mfano wa harage au lozi, huishi vizuri kuliko vikubwa. Katika kazi hiyo ya kwanza mlikuwa na mafunzo mawili yaliyokuja kupuuzwa: kwamba kijazo kitoke katika mwili au kifanane nao, na kwamba kidogo hufaa kuliko kingi. Lakini njia ya Neuber ilitaka kisu, na sehemu ya mafuta yaliyopandwa hunywewa na mwili. Watu wakatamani kitu chepesi zaidi cha kutia na kigumu zaidi cha kuondoka.

Kitu hicho walidhani wamekipata Vienna mwaka 1899. Robert Gersuny, mpasuaji wa mji huo, alimpiga sindano ya Vaseline kijana aliyepoteza kokwa zake kwa kifua kikuu, ili kumrudishia umbo alilopoteza. Matokeo ya awali yalipendeza, na habari zikaenea upesi. Muda si mrefu mafuta hayo, na baadaye nta ngumu zaidi ya parafini iliyoyeyushwa kwa moto, yakawa yanatiwa katika pua zilizobonyea, mashavu yaliyodhoofu na mikunjo ya uso. Hoja iliyowavutia matabibu na wateja ilikuwa moja: nta haiozi, haiyeyuki katika damu, wala mwili hauna uwezo wa kuila. Kilichotiwa leo kitakuwapo kesho na keshokutwa.

Hoja hiyo ilikuwa kweli, na ukweli wake ndio uliokuwa msiba. Nta haikuliwa na mwili, lakini haikukaa ilipowekwa. Ilitambaa chini ya ngozi, na nyama iliyokuwa kando yake ikafura na kuwa mabonge magumu. Pengine iliingia katika mishipa ya damu, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 matabibu walikwisha kuandika habari za watu waliopofuka baada ya sindano hiyo. Mfano uliojulikana kuliko yote ni wa Gladys Deacon, binti wa Kimarekani aliyezaliwa Paris mwaka 1881 na kusifiwa sana Ulaya kwa uzuri wake. Akiwa bado kijana alitaka mstari wa pua yake ufanane na ule wa sanamu za Wayunani wa kale, akatiwa nta katika daraja la pua. Nta ile ikashuka polepole kuelekea kidevuni. Mwaka 1921 aliolewa na Mtawala wa Marlborough, Uingereza, akaishi hadi 1977. Ndiyo kusema alichukua usoni kwa zaidi ya miaka 70 matokeo ya tamaa ya siku moja. Wala hapakuwa na tabibu aliyeweza kumwondolea, kwa kuwa waliogundua namna ya kutia hawakuwa wamegundua namna ya kutoa.

Mtu angedhani kwamba funzo kama hilo lingetosha. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili kosa lile lile lilirudi kwa jina jipya. Safari hii kijazo kilikuwa silikoni ya majimaji, ambayo watu walianza kupigwa sindano yake Japani, kisha Marekani, wengi wao wanawake waliotaka kuongeza matiti, na wengine waliotaka kufuta mikunjo. Silikoni ilisifiwa kwa sifa zile zile za nta: haiharibiki wala haipungui. Nayo ilikuwa na hila ambayo nta haikuwa nayo, kwa kuwa iliweza kutulia kwa miaka mingi kabla ya mabonge kutokea. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na mjukuu huyu alichelewa kuzaliwa hata aliyemwita alikuwa amekwisha kusahau. Katika miaka ya 1970 jimbo la Nevada lilifikia kuifanya sindano hiyo kuwa kosa la jinai.

Mwelekeo ulianza kugeuka pale wanasayansi walipoacha kuuliza ni kitu gani kisichoondoka, wakauliza ni kitu gani ambacho ngozi yenyewe imeumbwa nacho. Jibu la kwanza lilikuwa kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoipa ngozi uimara wake. Huko California kolajeni ya ngozi ya ng'ombe ilisafishwa hata ikaweza kupita katika sindano nyembamba, na mwaka 1981 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa jina la Zyderm. Ilikuwa na upungufu wake. Takriban watu 3 katika kila 100 miili yao iliikataa, kwa hiyo ilibidi kila mteja ajaribiwe kwanza kwa tone mkononi na kungojea majuma kadhaa. Tena baada ya miezi michache tu ilikuwa imekwisha kunywewa. Wateja walilalamikia ufupi huo wa maisha yake, bila kutambua kwamba ufupi ule ndio uliokuwa kinga yao: aliyetiwa vibaya alikuwa na subira ya miezi, si ya maisha.

Jibu la pili, ambalo ndilo linalotawala hata leo, lilikuwa limekaa katika vitabu kwa miaka mingi bila mtu kulihusisha na mashavu. Mwaka 1934 Karl Meyer na John Palmer wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitenga kutoka ute wa macho ya ng'ombe dutu wakaiita asidi ya hayaluroni, jina ambalo sehemu yake imetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kioo. Dutu hiyo imo katika macho, katika viungo na katika ngozi, na kazi yake kubwa ni kushika maji. Umbile lake ni moja kwa mnyama na kwa mtu, na kwa hiyo mwili hauihesabu kuwa mgeni. Endre Balazs aliisafisha kutoka undu wa jogoo, na kabla ya miaka ya 1980 haijapamba moto ilikuwa imeanza kuwasaidia wapasuaji wa macho.

Tatizo lake lilikuwa kinyume cha tatizo la nta. Asidi ya hayaluroni ikitiwa katika ngozi kama ilivyo, mwili huivunja upesi mno. Katika mji wa Uppsala, Sweden, kampuni ya Q-Med iliunganisha nyuzi zake kwa vifungo vya kikemikali hata ikawa kama uji mzito uwezao kukaa miezi 6 au zaidi. Kijazo hicho, Restylane, kilianza kuuzwa Ulaya mwaka 1996. Kabla ya kuidhinishwa Marekani kilijaribiwa juu ya mkunjo wenyewe wa tabasamu: watu 138 walitiwa kolajeni ya ng'ombe upande mmoja wa uso na Restylane upande wa pili, na waamuzi wakapima bila kujua upande upi una nini. Baada ya miezi 6 Restylane ilionekana bora kwa zaidi ya nusu ya watu hao, na kolajeni kwa chini ya mmoja katika kila 10. Idhini ikatoka Desemba 2003.

Lakini ubora wake mkubwa haukuwa kukaa, bali kukubali kuondolewa. Hapa historia ina kioja chake. Mwaka 1928 Francisco Duran-Reynals alitambua kwamba maji yaliyokamuliwa katika kokwa za wanyama yana kitu kinachofungua njia ndani ya ngozi, na mwaka 1940 Ernst Chain, ambaye baadaye alishiriki tuzo ya Nobel kwa kazi ya penisilini, pamoja na mwenzake Duthie, walionyesha kwamba kitu hicho ni kimeng'enya kinachovunja asidi ya hayaluroni. Hivyo ufunguo ulianza kuonekana kabla ya kufuli kupewa jina. Leo tabibu akikosea kipimo au mahali, anaweza kupiga sindano ya kimeng'enya hicho na kukiyeyusha alichokitia. Gladys Deacon angetoa mali nyingi kwa ajili ya sindano kama hiyo.

Yafaa kusema pia kwamba si kila ajazwaye shavu hukimbia uzee. Dawa ya stavudini, ambayo katika miaka ya 2000 iliwaokoa watu wengi wa Afrika ya Mashariki waliokuwa na virusi vya UKIMWI, iliwanyang'anya wengi wao mafuta ya mashavu. Uso ulibonyea, mkunjo wa kando ya pua ukawa mfereji, na jirani akaweza kusoma usoni siri ambayo mgonjwa hakumwambia mtu. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha kijazo kiitwacho Sculptra kwa ajili ya nyuso za namna hiyo. Kwa wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda msaada haukuja kwa njia ya sindano, bali kwa kubadilishiwa dawa, baada ya Shirika la Afya Duniani kushauri mwaka 2009 kwamba stavudini iachwe hatua kwa hatua. Kwao uso wa kawaida haukuwa anasa, ulikuwa sitara.

Nyuso hizo zaonyesha jambo ambalo wajuzi wa maumbile ya mwili walilithibitisha kwa njia nyingine: kwamba mkunjo wa tabasamu mara nyingi ni mwisho wa habari iliyoanzia juu yake. Mwaka 2007 Rohrich na Pessa wa Texas walipenyeza rangi ya buluu katika nusu-nyuso 30 za maiti, wakaona kwamba mafuta ya uso hayakumwagwa kama samli katika chungu kimoja, bali yamegawanyika katika vyumba vyenye kuta. Kadiri umri unavyosonga, baadhi ya vyumba hupungua, mfupa wa taya la juu hurudi nyuma, na shavu hukosa egemeo likalalia mkunjo. Anayeujaza mkunjo peke yake hata usawazike huongeza uzito karibu na mdomo, na uso ukicheka huonekana kama wenye kitu kilichofichwa. Ajuaye kazi huanza kwa kulirudishia shavu egemeo lake, kisha hutia kidogo tu chini ya mkunjo, huku akimtaka mteja acheke na kunyamaza mbele yake. Bomba la sindano lina mililita 1 tu, sehemu ya tano ya kijiko cha chai, na aghalabu hekima ni kutolimaliza.

Hata hivyo hatari haijafutika. Mshipa mkubwa wa damu wa uso hupanda karibu na mkunjo huo huo, na tone likiingia ndani yake laweza kuua ngozi au kufika jichoni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya habari za watu 98 duniani walioharibikiwa macho kwa vijazo, na takriban mmoja katika kila 8 alikuwa amepigwa sindano katika mkunjo wa tabasamu. Sehemu kubwa ya wale 98 walitiwa mafuta ya miili yao wenyewe, ambayo hakuna kimeng'enya cha kuyayeyusha. Mwaka 2021 Mamlaka ya Marekani ilionya juu ya vifaa vinavyosukuma kijazo kwa nguvu bila sindano, na mwaka huo huo Uingereza ilipiga marufuku, katika sehemu yake ya England, kuwatia vijazo vya urembo walio chini ya miaka 18. Katika miji yetu, ambako huduma hii nayo imefika, swali la kwanza la mteja lisiwe kijazo kitakaa muda gani. Na liwe hili: aliyeshika sindano anacho kimeng'enya karibu naye, na anajua kukitumia?

Basi historia hii yaweza kufupishwa hivi. Vijazo vilivyoahidi kudumu ndivyo vilivyoharibu, na kile kilichokubali kupita ndicho kilichofaa. Jambo hilo si la ajabu, kwa sababu uso wenyewe haudumu katika hali moja. Huongeza miaka, hukonda, hunenepa, hulia na kucheka, na kitu kisichobadilika ndani ya kitu kinachobadilika hakina budi kuonekana kigeni. Mkunjo uliolainishwa vema ni ule ambao mwenye uso akinyamaza hupumzika, na akicheka hurudi mahali pake, ili wampendao wamtambue.