Kitabu Kilichokawia: Habari ya Copernicus

Wazee walituachia maneno mawili yanayoonekana kupingana. La kwanza: Haraka haraka haina baraka. La pili: Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tufuate lipi? Sisi wanafunzi twapenda sana lile la kwanza, hasa tukiwa na kazi ya kuandika. Twasema: « Sijaanza bado, kwani nataka kuifanya vema. » Neno hilo lina sura ya fadhila, lakini mara nyingi ndani yake mna woga. Tuangalie basi habari ya mtu mwenye akili nyingi ambaye woga huo ulimkawilisha miaka karibu 30.

Nicolaus Copernicus alizaliwa tarehe 19 Februari 1473 katika mji wa Toruń, ulio leo katika inchi ya Polonia. Mjomba wake, Lucas Watzenrode, Askofu wa Warmia, alimsomesha. Alisoma Kraków, kisha Bologna na Padua katika Italia, na mwaka 1503 alipata udaktari wa sheria ya Eklezia mjini Ferrara. Akawa kanoniko, ndiyo kusema mmoja wa baraza la kanisa kuu, huko Frombork. Kazi zake zilikuwa nyingi: kusimamia mashamba ya baraza, kuganga wagonjwa, hata kulinda ngome ya Olsztyn wakati wa vita. Usiku, akipata nafasi, alitazama nyota.

Siku zile wenye elimu walifundisha, kama Ptolemaeus zamani, kwamba dunia imesimama katikati na jua linaizunguka. Copernicus alifikiri kinyume: dunia ndiyo inayolizunguka jua. Karibu mwaka 1514, au mbele yake kidogo, aliandika habari hiyo katika kurasa chache, akawapa marafiki bila kuzipiga chapa. Humo aliahidi kitabu kikubwa zaidi. Ahadi hiyo ilitimizwa mwaka 1543.

Kwa nini alikawia hivyo? Tusimhukumu upesi. Kupima njia za nyota kwataka miaka mingi, na kungoja kwa namna hiyo si uvivu. Mkulima naye hangoji bure mbegu iote. Lakini kufika miaka ya 1530 sehemu kubwa ya kitabu ilikuwa imekwisha kuandikwa, na bado alikishika mkononi, akifuta na kusahihisha. Maandiko ya mkono wake yangali yanatunzwa Kraków, na masahihisho yake yanaonekana. Mwaka 1536 Kardinali Nikolaus von Schönberg alimwandikia kutoka Roma, akimwomba nakala. Rafiki yake Tiedemann Giese, aliyekuwa askofu, alimhimiza mara nyingi. Copernicus akangoja tu. Yeye mwenyewe, alipomwandikia Papa Paulo III maneno ya mwanzo wa kitabu, aliungama sababu: aliogopa kudharauliwa na watu, hata karibu aiache kazi yote.

Nani alimfungua? Kijana mmoja. Mwaka 1539 Georg Joachim Rheticus, mwalimu wa hesabu kutoka Wittenberg, mwenye miaka 25, alifika kwake. Alikuwa Mprotestanti, lakini mzee alimpokea na kumfundisha. Rheticus hakudai kitabu chote kwa siku moja. Mwaka 1540 alipiga chapa kwanza kitabu kidogo chenye habari ya fundisho la mwalimu wake, watu wakisome. Kikapokelewa, wala mbingu hazikuanguka! Ndipo Copernicus akakubali kitabu kikubwa kipelekwe kwa Johannes Petreius, mpiga chapa wa Nürnberg.

Lakini kukawia kuna malipo yake. Kitabu kilipokuwa kinapigwa chapa, Rheticus aliitwa kufundisha Leipzig, na mzee alipatwa na ugonjwa wa kupooza. Andreas Osiander, aliyeachiwa kuangalia kazi, aliingiza mwanzoni maneno yasiyo na jina, akisema kwamba fundisho hili ni njia ya kufanyia hesabu tu, si lazima liwe kweli. Wasomaji wengi walidhani mwenye kitabu ndiye asemaye hivyo. Giese alikasirika na kulalamika, lakini Copernicus hakuweza tena kujitetea. Giese aliandika kwamba rafiki yake alikiona kitabu chote siku ile ile ya kufa kwake, mwezi wa Mei 1543.

Je, kitabu kilikuwa kamili baada ya kungojewa hivyo? Hapana. Copernicus alishika fikira ya zamani kwamba nyota hupita katika duara kamili, ikampasa kuongeza duara ndogo juu ya duara kubwa. Mwaka 1609 Johannes Kepler alionyesha kwamba njia hizo zimerefushwa kidogo. Tazameni, wandugu: palipo ukamilifu alioupenda ndipo penye kosa lake! Lakini Kepler alipata kulisahihisha kosa hilo kwa sababu kitabu kilikuwa mikononi mwa watu. Kazi iliyotolewa yaweza kunyoshwa na wengine. Kazi iliyofungwa sandukuni haimfai mtu.

Mtu atasema: « Woga wake haukuwa bure, kwani mwaka 1616 kitabu kilikatazwa Roma mpaka kisahihishwe. » Ni kweli. Katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa ya mwaka 1835 hakikuwamo tena. Lakini kama angalikificha, kweli ile ingalikosa mtetezi huyo, na hao waliokuja nyuma wangalikosa pa kuanzia.

Basi historia yatufundisha njia tatu. Kwanza, tujiulize: Ninangoja mbegu iote, ao ninaogopa kuchekwa? Pili, tutoe kidogo kwanza, kama kile kitabu kidogo cha mwaka 1540. Tatu, tumpe rafiki ruhusa ya kutudai kazi, hata akiwa mdogo wetu.

Nawe, ndugu msomaji, labda unayo barua usiyoijibu, ao hotuba uliyoianza mara kumi. Ukamilifu wote ni wa Mungu peke yake. Sisi twapashwa kutoa kazi yetu tukiwa na nguvu bado za kuitetea, tena na sikio la kusikia masahihisho.