Upanga wa Tuzo: Istilahi na Kisa cha Lafayette

Mara nyingi mfasiri wa habari za historia hukutana na silaha ambayo haikufuliwa kwa ajili ya vita. Ni upanga uliotolewa na dola, mji au kikosi ili kumshukuru ofisa wa jeshi kwa jambo alilolitenda. Wako wauitao upanga wa zawadi, wako wauitao upanga wa heshima, na wengine huandika upanga tu, wakamwacha msomaji akidhani kuwa ni silaha ya kupigania. Katika makala haya tunakusudia kuichunguza istilahi hiyo kwa kuufuata upanga mmoja ambao habari zake zajulikana vema.

Lafayette, Mfaransa aliyezaliwa Chavaniac mwaka 1757, alivuka bahari mwaka 1777, akiwa na umri wa miaka 19, kwenda kuwasaidia Wamarekani waliokuwa wakipigana kujitoa katika utawala wa Waingereza. Kongresi yao ilimpa cheo cha meja jenerali, na mwaka huohuo akajeruhiwa mguuni katika mapigano ya Brandywine. Tarehe 21 Oktoba, 1778, Kongresi iliazimia apewe upanga. Kazi ya kuutengenezesha alikabidhiwa Benjamin Franklin, mjumbe wa Marekani nchini Ufaransa. Upanga ulitengenezwa Paris, na mwezi Agosti, 1779, mjukuu wa Franklin akaupeleka Le Havre, alikokuwako Lafayette. Mpini wake ulikuwa wa dhahabu, nao ulinakshiwa picha za mapigano aliyoyashiriki, yakiwamo yale ya Monmouth.

Hapa hatuna budi kuzitaja sehemu za upanga, kwani kisa kinachofuata hakieleweki bila ya hizo. Panaposhikwa ni mpini. Kilichouzuia mkono usikatwe ni kinga ya mkono. Chuma chenye makali na ncha ni kengee. Na kinachoihifadhi kengee ni ala.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipozidi ukali, Lafayette alikimbia nchi mwaka 1792, akakamatwa na kufungwa hadi mwaka 1797. Katika siku hizo za hatari upanga wake ulifukiwa ardhini huko Chavaniac. Ulipofukuliwa, dhahabu ya mpini ilikuwa salama, lakini kengee ilikuwa imeliwa na kutu. Basi, alikuwa nao upanga mwingine, aliopewa na Walinzi wa Taifa wa Paris, ambao aliwaongoza tangu Julai, 1789. Kengee ya upanga huo ilifuliwa kwa vyuma vya Bastille, gereza lililotekwa na wananchi tarehe 14 Julai, 1789. Lafayette akaitwaa kengee hiyo na kuitia katika mpini wa Kimarekani.

Je, upanga huo ni upi? Mhunzi atasema kuwa umekuwa mwingine, maana chuma chake si kile cha kwanza. Sisi twaona kuwa hoja ya mhunzi haitoshi. Upanga wa namna hii haufanywi na chuma, bali hufanywa na uamuzi wa waliotoa. Kengee iliharibika, lakini azimio la Kongresi halikuoza. Nayo shukrani ya Walinzi wa Taifa ikaungana nalo katika silaha moja.

Kwa sababu hiyo neno zawadi halitoshelezi, kwani zawadi yaweza kutolewa na yeyote, hata bila ya sababu. Heshima limekaribia, ila latumika pia kwa upanga wa gwaride, ambao ofisa aweza kuununua kwa fedha zake. Tuzo latokana na kutuza, nasi sote twajua jinsi mchezaji hodari atuzwavyo ngomani: mbele ya macho ya watu, kwa jambo walilolishuhudia. Twapendekeza, basi, upanga wa tuzo.

Tahadhari moja yabaki. Wingi wa upanga ni panga, na neno hilo hilo ndilo jina la chombo cha kufyekea. Mfasiri aandike panga hizi za tuzo, wala si mapanga haya; vinginevyo jenerali ataonekana amepewa vifaa vya shamba.