Je, Gitaa la Mombasa Lahitaji Kuongezewa Unyevu?

Vijana wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe siku hizi hujifunza gitaa kupitia video za simu. Ushauri mmoja hurudiwa sana katika video hizo: nunua kifaa cha kuongeza unyevu, au tia kipande cha sifongo chenye maji ndani ya kasha, la sivyo gitaa litapasuka. Anayeshauri hivyo hasemi uongo. Ila yeye yuko Marekani au Ulaya, na gitaa lake linakaa katika hewa isiyofanana na ya kwetu.

Jawabu fupi ni hili: gitaa linaloishi Mombasa halihitaji kuongezewa unyevu. Linahitaji kupunguziwa. Mwenye kutia sifongo la maji ndani ya gitaa hapa Mtongwe au Mikindani analiharibu kwa mkono wake mwenyewe, na gitaa zuri ni akiba ya miezi mingi.

Mbao hunywa na kutema maji

Watu wa pwani wanalijua jambo hili tangu zamani, hata kama hawajawahi kushika gitaa. Mashua ikivutwa ufuoni na kuachwa juani wiki kadhaa, mbao zake hunywea na mianya hufunguka. Ikirudishwa majini, mbao huvimba na mianya hujifunga. Mlango wa mbao unaofunguka vyema mwezi wa Februari hukwama kwenye fremu mwezi wa Mei. Wapiga ngoma nao huziota ngoma zao moto kabla ya kucheza, kwa sababu ngozi iliyonywa unyevu hulegea na kutoa sauti nzito isiyo na uhai.

Gitaa ni mbao nyembamba. Ubao wa juu wa gitaa lisilo la umeme una unene wa milimita tatu hivi, na umeshikiliwa kwa ndani na vijiti vilivyogundishwa, mfano wa mataruma ya jahazi. Ubao huo hupanuka na kunywea kwa upana wake zaidi sana kuliko kwa urefu wake. Kwa kuwa kingo zake zimegundishwa, ukivimba hauna pa kwenda ila juu, na ukinywea sana hauna budi kupasuka.

Tarakimu za hapa kwetu

Unyevu wa hewa hupimwa kwa asilimia. Watengenezaji wakubwa kama Martin na Taylor wa Marekani hupendekeza gitaa likae katika unyevu wa asilimia 45 hadi 55, kwa sababu magitaa yao huundwa katika karakana zenye hewa ya kiwango hicho. Mombasa, unyevu kwa kawaida huwa kati ya asilimia 70 na 80. Alfajiri za masika, hasa Aprili na Mei, hupanda zaidi ya hapo. Hata mchana wa kaskazi, Januari na Februari, hewa yetu hubaki karibu na asilimia 60 au juu yake. Maana yake ni kwamba hakuna mwezi ambao gitaa lililo katika nyumba ya kawaida huku bara ya Mombasa hufa kiu.

Kuna kipimo cha bure jikoni kwako. Chumvi safi huanza kunyonya maji na kulowa hewa inapofika asilimia 75. Ukiona chumvi ya kijagi imeshikamana na kulowa, ujue gitaa lako nalo linakunywa maji.

Kisha kuna chumvi ya bahari yenyewe. Upepo wa kusi unaopiga Shelly Beach au Bamburi hubeba chembe za chumvi, nazo hutua kwenye nyuzi, skrubu na vigingi vya kukazia. Chumvi huvuta unyevu, na unyevu huleta kutu. Ndiyo maana nyuzi ambazo Nairobi zingedumu miezi, hapa huchakaa katika wiki chache.

Dalili za gitaa lililoshiba maji

Dalili ya kwanza ni nyuzi kupanda. Gitaa lililokuwa laini kubonyeza huanza kuumiza vidole. Pima nafasi kati ya uzi mnene na freti ya 12: kwa gitaa la nyuzi za chuma, milimita mbili na nusu hivi ni kawaida. Ikiongezeka msimu wa mvua na kushuka msimu wa kiangazi, sababu ni unyevu.

Dalili ya pili ni tumbo. Weka rula juu ya ubao, nyuma ya daraja linaloshika nyuzi. Mbinuko mdogo ni wa kawaida, lakini ukiwa mkubwa kuliko ulivyozoea, ubao umevimba. Ya tatu ni sauti kuwa nzito, kama anayeongea akiwa amefunika mdomo. Ya nne ni daraja kuanza kuinuka kwa nyuma, kiasi cha karatasi kupenya chini yake. Hapo usingoje, legeza nyuzi na umpelekee fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ya mwisho ni harufu ya uvundo na vidoa vya kuvu ndani ya tundu la sauti au kwenye kitambaa cha kasha.

Ukame una dalili tofauti: ubao huzama badala ya kupanda, nyuzi hugonga freti, ncha za freti hutokeza na kukwaruza kiganja, na mwishowe ufa hutokea kufuata nyuzinyuzi za ubao. Ukiziona hizi Mombasa, jiulize kwanza gitaa lilikuwa wapi.

La kufanya

Tia vikausha unyevu ndani ya kasha. Vile vipakiti vidogo vya chembechembe za silika vinavyokuja na viatu vipya au mikoba hufanya kazi hiyo, ingawa vimoja viwili havitoshi, na vilivyokaa wazi muda mrefu vimeshajaa maji. Bora ununue silika ya kubadili rangi, inayokuonyesha ikishashiba. Iweke mbali na watoto na chakula. Mchele usitumie: kwa hewa yetu hausaidii, na huleta fukusi.

Kasha lifungwe ikiwa tu lina vikausha. Kasha lililofungwa wiki nzima bila kikausha ni kitalu cha kuvu. Kama huna, afadhali gitaa litundikwe kwenye chumba chenye hewa inayopita, panka likizunguka.

Liweke mbali na ukuta wa nje, hasa wa mawe ya matumbawe, ambao hunywa mvua na kuitoa polepole ndani ya chumba. Usiliweke sakafuni chini ya kitanda, wala karibu na jiko.

Futa nyuzi kila umalizapo kucheza, kwa kipande cha kanga kuukuu kikavu. Jasho na chumvi ndivyo huua nyuzi. Usipake mafuta ya nazi kwenye ubao wa freti: hayakauki, nayo hushika vumbi.

Jihadhari na joto. Gari lililofungwa na kuachwa juani linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi ndani yake, na joto hilo hulegeza gundi. Foleni ya Changamwe adhuhuri, gitaa likiwa kwenye buti, inaweza kufanya ndani ya saa moja kile ambacho unyevu haukufanya mwaka mzima. Kwenye feri ya Likoni, lifunge ndani ya mkoba. Mnyunyizo wa maji ya bahari si rafiki.

Ukinunua kipimo cha unyevu, kijaribu kwanza, kwani vya bei rahisi hukosea. Jaza kizibo cha chupa chumvi, dondoshea maji kidogo mpaka iwe kama mchanga wa pwani uliolowa, bila kuyeyuka. Kiweke pamoja na kipimo ndani ya mkebe wenye kifuniko kinachobana, ukiache usiku kucha. Asubuhi kipimo kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 80, ujue kinazidisha tano.

Ni nani basi anayehitaji kuongeza unyevu?

Wako, hata miongoni mwetu. Wa kwanza ni ndugu zetu walio Ulaya na Marekani. Hewa ya baridi hubeba mvuke mchache. Ikiingia nyumbani na kupashwa moto, unyevu wake huweza kushuka mpaka asilimia 30 au chini. Aliyehama Kisauni kwenda London au Toronto na gitaa lake, akafika Desemba, ndiye hasa anayeambiwa na zile video. Huyo na anunue kifaa cha unyevu wiki ile ile anayowasili.

Wa pili ni walio Ghuba. Nje, Dubai na Maskati zina unyevu mwingi wakati wa joto, lakini ndani kiyoyozi hakizimwi. Riyadh ni kavu nje na ndani. Huko, kipimo kwanza, kifaa baadaye.

Wa tatu ni mwanamuziki wa hoteli. Gitaa linalokaa ukumbini wenye kiyoyozi mchana kutwa huwa karibu na kiwango kizuri. Hatari ni kulitoa ghafla na kulipeleka ufuoni usiku: mbao baridi hukutana na hewa ya mvuke na kutoa jasho kama chupa ya soda. Liache ndani ya kasha lililofungwa nusu saa au zaidi, lizoee, ndipo ulifungue.

Safari ya siku chache Nairobi haina shida. Hewa ya kule ni kavu kuliko yetu, hasa mchana wa Januari na Februari, lakini usiku unyevu hurudi.

Udi nao

Haya yote yanahusu udi pia, pengine zaidi. Mgongo wa udi ni vipande vyembamba vilivyogundishwa, na ubao wake wa juu ni mwembamba kuliko wa gitaa. Udi uliotengenezwa Cairo, katika hewa kavu kuliko yetu, hufika hapa na kuanza kuvimba. Katika mji alioishi bingwa wa udi Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, hii ni hazina inayostahili kukaushwa kama inavyostahili kupigwa.

Kabla ya kununua

Tazama ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao ikiendelea kutoka juu hadi ndani ya ukingo, ubao ni mzima, nao husikia sana hali ya hewa. Ukiona tabaka kama za plaiwudi, gitaa hilo sauti yake huenda isiwe tamu sana, lakini litavumilia masika kuliko lile la bei kubwa. Kwa kwaya, shule au kijana anayeanza, asiye na chumba kikavu, plaiwudi si aibu. Ni chaguo la mwenye kuijua hewa ya kwao.