Kombe la Miezi Minne

Mtajie kijana wa mtaani kwetu Kombe la Dunia, naye atakutajia mpira: mwezi mmoja, fainali moja, basi. Lakini wapo watu ambao Kombe la Dunia kwao ni majira mazima ya baridi. Nazungumzia baiathloni, mchezo wa kukimbia kwa skii juu ya theluji, bunduki mgongoni, kisha kusimama ukihema na kulenga shabaha tano. Theluji yenyewe wengi wetu tunaijua kwa picha tu, najua. Mimi kilichonivuta ni swali ambalo mchezo huu umehangaika nalo miaka mingi: mtu apimwe vipi ili isemwe amepimwa kwa haki?

Mchezo huu ni mtoto wa jeshi. Mwaka 1924, katika Olimpiki ya majira ya baridi kule Chamonix, Ufaransa, zilikuwako mbio za doria: askari walikwenda kwa timu na kupiga shabaha. Baiathloni yenyewe ilipata mashindano yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia mwaka 1958, Saalfelden, Austria. Mwaka 1960 ikaingia Olimpiki, Squaw Valley, Marekani, kwa mbio za kilomita 20. Aliyeshinda, Klas Lestander wa Sweden, hakuwa mwenye kasi kuliko wote. Kwa miguu tupu wengi walimwacha. Ila alipiga risasi 20, na zote 20 zikalenga. Kila risasi iliyokosa iliongeza dakika mbili kwenye muda wa mpigaji, kwa hiyo wale wenye mbio wakajikuta nyuma yake.

Safi kabisa. Lakini siku moja inatosha kumwita mtu bora? Upepo ukivuma kwenye zamu yako na kutulia kwenye zamu ya mwenzako, je? Hapo ndipo msimu unapoingia. Mwaka 1977–78 likaanzishwa Kombe la Dunia la baiathloni, na mpango wake ni kama wa ligi: watu walewale, vituo vingi, pointi zinajumlishwa. Bingwa wa kwanza akawa Frank Ullrich wa Ujerumani Mashariki. Karibu na wakati huohuo, mwaka 1978, bunduki nzito za kivita zikawekwa kando, ikaja bunduki ndogo, na shabaha zikasogezwa hadi mita 50. Mchezo ukatoka porini, ukaingia uwanjani mbele ya watazamaji. Mwaka 1993 ukapata na chama chake wenyewe cha kimataifa, IBU. Kabla ya hapo ulilelewa na chama cha pentathloni ya kisasa.

Sasa tazama unavyopangwa. Msimu huanza mwishoni mwa Novemba au mapema Desemba na kuisha Machi. Msafara unahama karibu kila wiki: Östersund kule Sweden, Hochfilzen huko Austria, Oberhof na Ruhpolding nchini Ujerumani, Antholz huko Italia, na mara nyingi hufungiwa Holmenkollen, jijini Oslo. Wiki moja inaweza kuanza na mbio fupi, zenye awamu mbili za kupiga risasi. Humo kila risasi iliyokosa unailipia kwa kuzunguka mita 150 za adhabu huku wenzako wanakwenda zao. Wale 60 wa kwanza ndio wanaopata kushiriki mbio za kufukuzana, na kila mmoja huanza nyuma ya kiongozi kwa sekunde zilezile alizoachwa katika mbio fupi. Yaani deni la juzi unaamka nalo. Kuna mbio za kuanza kwa pamoja, watu 30 tu, na mbio za kupokezana za watu wanne wanne.

Baada ya kila mbio, pointi. Tangu msimu wa 2022–23 mshindi hupata 90, wa pili 75, wa tatu 65, na kuteremka hivyo hadi wa 40, anayeambulia moja. Kiongozi wa jumla huvaa kizibao cha njano, na mwisho wa msimu bingwa hukabidhiwa tufe la kioo. Usiidharau ile pointi moja. Msimu wa 2017–18 Kaisa Mäkäräinen wa Finland alimshinda Anastasiya Kuzmina wa Slovakia kwa pointi 3 tu, baada ya miezi yote hiyo! Risasi moja ya Desemba, ambayo hakuna aliyeikumbuka, huenda ndiyo iliyoamua mambo ya Machi.

Kwa hiyo nasema msimu ni hakimu mzuri kuliko siku moja. Hana haraka, na bahati ya leo huisawazisha na mikosi ya kesho. Hata hivyo, hakimu huyu huwahukumu waliomo ukumbini tu. Waliobaki mlangoni je?

Wanawake walibaki mlangoni muda mrefu. Wanaume waliingia Olimpiki 1960. Wanawake walisubiri hadi 1992, Albertville. Miaka 32! Kombe lao la Dunia lilianza 1982–83, na ubingwa wao wa dunia 1984. Hao kina Mäkäräinen na Kuzmina waliowasimamisha watu hadi mbio za mwisho, wangezaliwa mapema kidogo wasingehesabiwa kabisa, hata wangelenga vipi.

Mlango mwingine upo mpaka leo, nao ni mgawo wa nafasi. Idadi ya wanamichezo ambao nchi inaweza kuwaanzisha hutegemea jinsi timu yake ilivyofanya msimu uliopita. Nchi ya juu hupata nafasi nyingi, ya chini hupata chache, na wengi hubaki wakipambana katika Kombe la IBU, daraja la pili. Wenye nacho huongezewa. Ukitetea mpango huu utasema uwanja hautoshi watu wote, na ni kweli. Lakini nchi yenye nafasi mbili itapandaje, wakati mwenye nafasi nyingi akikosewa na mmoja anabaki na wengine wa kumfidia?

Mimi sitaki msimu ufutwe, nausifu. Ninachosema ni kwamba kanuni za pointi zisomwe pamoja na kanuni za kuingia, kwa maana zote mbili zinamchagua bingwa. Basi, ndugu msomaji, safari nyingine ukionyeshwa orodha ya washindi, popote pale, hata katika mashindano ya uandishi, uliza pia nani aliruhusiwa kuanza.