Michenzani na vikaratasi vya njano

Wiki iliyopita kazini, hapa Maskati, tulikaa siku mbili tukibandika vikaratasi vya njano ukutani. Mnaofanya kazi maofisini mnaijua hii: fikra za kidizaini. Msikilize mtumiaji, litaje tatizo lake, buni, tengeneza mfano wa bei rahisi, jaribu, rudia. Mwezeshaji akasema ukimsikiliza mtu vizuri, nusu ya tatizo imekwisha. Mimi nikamkumbuka shangazi yangu na ndoo zake.

Shangazi alikaa Michenzani, ghorofa ya tano, kabla ya kuja huku. Kwa waliozaliwa Maskati kama mimi: baada ya Mapinduzi ya 1964, Ujerumani Mashariki ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuitambua serikali mpya ya Zanzibar, ikaleta wataalamu wa ujenzi. Mwaka 1968 Hubert Scholz, mpangamiji wao, akachora ramani mpya ya mji. Mzee Karume akataka nyumba za kisasa kwa watu wa Ng'ambo, basi nyumba za zamani zikavunjwa, barabara pana zikakatizana, na kando yake yakapanda majumba marefu kama treni. Wananchi waliyajenga kwa kazi ya kujitolea, ingawa si kila aliyejitolea alipenda.

Nia haikuwa mbaya. Umeme, choo ndani, ukuta wa saruji badala ya udongo, nani angekataa? Lakini maisha ya Ng'ambo yalikuwa barazani na uani. Bibi anakaa nje, jicho kwa wajukuu, anayepita anamwamkia. Ghorofani baraza hakuna, moshi wa mkaa hauna pa kutokea, na maji hayapandi. Ndo hizo ndoo.

Hapa vikaratasi vina haki yao. Ungejenga fleti moja ya mfano, ukaiweka familia moja ndani miezi mitatu, mengi ungeyajua kabla ya kuvunja hata nyumba moja.

Ila kuuliza kulishafanyika. Mwishoni mwa miaka ya 1940, enzi za Waingereza, profesa Edward Batson wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliongoza uchunguzi mkubwa wa maisha ya Wazanzibari. Majibu yakajaza majuzuu. Wenye kuamua wakabaki walewale. Sasa hilo utalibandika wapi ukutani? Aliyehojiwa hakuwa na haki ya kusema hapana, wakati wa mkoloni wala baadaye. Na pampu ya maji haitaki huruma, inataka spea, umeme na fundi anayelipwa kila mwezi.

Halafu kuna jambo linalonichekesha. Shangazi sasa anaisifia Michenzani kuliko nyumba yake ya hapa Al Khoudh. Anasema ngazi ndo zilikuwa baraza yao, mlikutana hapo na ndoo zenu mkapata habari zote za mji. Nikamuuliza, angerudishwa nyuma angechagua nini, nyumba ya udongo au fleti?

"Fleti ileile, mwanangu. Na maji."

Jumapili tunawasilisha mapendekezo yetu kazini. Nimeongeza mstari mmoja: mwaka wa tano, matengenezo analipia nani? Mpaka sasa sijajibiwa.